Siku Walipokuja Kupima Kelele za Bunduki

Alhamisi, Oktoba 1987. Joto, vumbi, na mawingu yanayopita tu.

Nisamehe, shajara, kwa kukuacha tangu tulipovuna ndengu. Si kwamba nilikosa wakati. Niliogopa kuwa nikiliandika jambo hili litakuwa kweli.

Leo lile gari la serikali tulilolingojea limefika, tena hapa kwetu, maana ndio tulio karibu zaidi na uwanja wa shabaha. Tangu askari waanze mazoezi ng'ambo ya mto, kuta zimepasuka, kuku wanaacha mayai, na jirani yangu haendi shamba mpaka wamalize. Tulilalamika kwa chifu mpaka akatuchoka. Ndipo akaletwa bwana mmoja na mashine ya kupima kelele, yenye mshale kama wa mizani ya duka.

Aliiweka uani, kando ya mkeka ambapo mwanangu Mumo alikuwa amekaa na kifuniko cha sufuria. Akatuomba tunyamaze kabisa, sauti zetu zisiingie kwenye kipimo. Majirani walijaa, na hakuna aliyekohoa.

Bunduki zikaanza. Mshale ukaruka, nami nikaruka. Mbuzi akakata kamba. Watu wakatazamana kwa furaha, maana sasa tutaaminiwa.

Mimi nilimtazama Mumo.

Hakugeuza hata kichwa. Aliendelea kulamba kifuniko chake.

Nilitaka kulia kwa sauti, lakini niliuma leso, nisiharibu kipimo cha kijiji kizima. Zilipotulia nilimwendea kwa nyuma. Nikamwita. Nikapiga makofi. Aligeuka kivuli changu kilipomfikia, akanichekea.

Mama mkwe amekuwa akimsifu kanisani kwamba huyu ni mwanaume kweli, ameshazoea bunduki. Nami nilikubali, kwa vile alikuwa analala vizuri na mimi nilikuwa nimechoka.

Nilimuuliza yule bwana kama mashine yake inaweza kupima mtoto. Akafunga sanduku polepole.

"Mama, hii inapima kelele tu. Mtoto mpeleke hospitali kubwa. Usingoje majibu yetu."

Mama mkwe anasema tungoje, aombewe kwanza Jumapili. Aombewe, sikatai. Lakini wiki ijayo nitakuwa kwenye basi la Nairobi, hata kama hatanisemesha.

Kesho utingo wa basi la Kabati atachukua barua yangu ya kwenda kwa Baba Mumo, aliye kazini Emali. Vitu ambavyo bado nataka atume ni hivi: Kadi ya kliniki, iliyobaki kwenye mfuko wa koti lake. Nauli yangu, Mumo nitampakata. Leso ya kumbebea, hii imetoboka. Sweta ya Mumo, Nairobi kuna baridi.

Na zile njuga alizoahidi kumfunga mtoto mguuni akianza kutembea. Asiniambie hazina kazi tena. Azitume.