Kwa Mama, Aliyefundisha Herufi Moja kwa Wiki

Mama, mwaka umetimia leo tangu tulipokuzika tukarudi nyumbani na udongo kwenye viatu. Watu walituambia mwaka ukifika hasira itakuwa imepoa. Haijapoa. Anayeandika ni mimi, bintiyo wa kwanza, na wadogo zangu wameniomba nipunguze makali. Nimepunguza, haya ndiyo yaliyobaki.

Chaki ilikuwa mfukoni mwa kila gauni lako. Tukifua bila kupekua mifuko, beseni liligeuka maziwa, na wewe ulikuja kulalamikia chaki, si nguo.

Maisha yako yote ya kazi ulifundisha darasa la awali, wale wadogo ambao bado wanalilia kwao. Hukutaka bango la herufi ukutani. Ulichora herufi moja kubwa sakafuni, watoto wakaifuata kwa nyayo zao huku midomo ikitoa sauti yake. Jina la herufi hukulijali. Uliuliza kama mtu anavyouliza habari za kuku au mbuzi: "Huyu analiaje?" Darasa zima likajibu "Mmmmm," nawe ukapita na kioo kidogo cha mkononi ili kila mmoja aone midomo yake ilivyojifunga. Herufi moja kwa wiki, isizidi. Ulianza na a, ikafuata m, kwa sababu mtoto akizishika hizo mbili tu, tayari anaandika mama. Wakakubandika jina: Bibi Analiaje.

Nyumbani nako hukupumzika. Watoto wa jirani walijaa barazani, na sisi wanao tukala chakula kilichopoa. Siku za s ulimfukuza Baba, kwa vile meno yake ya mbele yalishang'oka.

"Baba watoto, kaongelee huko nje, utaniharibia sss yangu."

"Jamani, nahamishwa kwangu kwa ajili ya herufi!" alisema Baba, akatoka akicheka. Siku hizi baraza lote ni lake peke yake, na kucheka hacheki.

Halafu akaja mwalimu mkuu mpya, na baada yake wageni wa ofisi ya elimu. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwaona hawa. Ulitusimulia mwenyewe siku ile, hata viatu hujavua. Madarasa mengine yalikuwa yamefundishwa nyimbo za kuwapokea. Mwalimu mkuu akawaambia watoto wako waimbe herufi zote, a mpaka ze. Walikuwa wamefika ya tano. Wakakutazama wewe.

Mgeni mmoja akaandika m ubaoni. "Hii inaitwaje?"

"Mmmmm!" wakajibu wote, wamefurahi kwamba hatimaye wameulizwa kitu wanachokijua.

Akawageukia wenzake. "Hapa ni darasani au zizini?"

Wakacheka, na mwalimu mkuu akacheka kuwashinda. Ukamwambia yule mgeni, "Hebu ongeza a hapo mbele, mzee, uone kama hawatakusomea." Hakuongeza. Alitazama saa yake, wakaenda kunywa soda.

Muhula uliofuata ukapewa funguo za stoo. Mwalimu mzima, unalinda madawati mabovu na mipira isiyo na upepo, huku ukuta wa pili darasa lako linaimba herufi kama kasuku. "Wanakimbizwa," ulituambia. "Na kutangulia si kufika." Ulisema mara moja, hukurudia tena. Tukaanza kufua magauni yako bila kupekua mifuko. Daktari alisema ni presha, na sisi hatubishani na daktari, ila tulikuona unavyopungua na tunajua ulianzia wapi.

Mazishini mwalimu mkuu alishika kipaza sauti, akatoa machozi ya mamba, akasema umeacha pengo lisilozibika. Hakusema nani alilichimba. Tulinyamaza kwa heshima yako, Mama, si kwa yake.

Mwezi uliopita akaja nyumbani na walimu wawili, wakakaa kwenye makochi yako. Wanaomba darasa la awali liitwe kwa jina lako. Kibao kimeshachorwa, kinasubiri ruhusa ya familia tu. Mdogo wangu wa kiume alisimama, Baba akamkalisha kwa mkono.

"Na humo ndani," Baba akauliza, "watoto wanafundishwaje siku hizi?"

"Vizuri mno, mzee. Wiki ya pili tu, wanaimba zote bila kukosea."

"Na ile namna yake?"

"Ile, mzee wangu... wakati wake ulishapita."

"Basi na jina liacheni. Mkirudisha namna yake, njooni mchukue na jina. Moja bila jingine, hapana."

"Tumekuelewa, mzee," akasema mwalimu mkuu, akamalizia chai.

Alielewa sana. Wiki iliyofuata kibao kikapigiliwa misumari juu ya mlango. Baba akataka akione, tukampeleka. Kimepakwa rangi nzuri ya buluu, na jina lako hawakulikosea. Tulisimama pale mpaka kengele ikalia. Watoto wakapita chini yake mmoja mmoja, wakiimba herufi zote, wazi kabisa, a mpaka ze. Baba akamshika bega wa mwisho, akamwonyesha kibao, akamwomba amsomee. Mtoto akatazama juu, akatutazama sisi, akaanza tena kuimba tangu mwanzo.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, dada yako, wakwe zako na wajukuu wote. Tunajua ungetaka tusamehe. Bado hatujaweza, Mama. Kukusahau nako hatutaweza, leo wala siku yoyote.