Mwanga Ndani ya Chupa

Mkuyuni, Morogoro
14 Agosti, 1976

Mpendwa rafiki yangu Felista,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko chuoni, na kwamba ile malaria ya Juni imekuacha kabisa. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anakusalimu, na bibi anauliza kama huko wauguzi mnapewa mboga za majani au wali mtupu.

Najua kaka yako alikuandikia kwamba baba yenu alianguka mlimani. Hakuanguka, Felista. Alipigwa. Wamekuficha kwa ajili ya mitihani, lakini mimi siwezi kukuficha, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Unakumbuka kwamba baada ya kidato cha nne nilipata kazi ya kuosha vyombo katika maabara mjini. Fundi wetu, Bwana Vinod, anapima protini za maziwa kwa mwanga. Anapitisha mwali mwembamba katika kichupa cha kioo, na protini ambazo jicho haliwezi kuziona zinautawanya mwanga ule pembeni. Akilinganisha mwanga wa pembe hii na wa pembe ile, anajua zina ukubwa gani. Siku ya kwanza alinishikisha kichupa kwa kitambaa, akaniambia nikioshe mara saba na maji yaliyochujwa, maana uchafu kidogo tu na mashine itatudanganya sote.

Mwezi wa saba nilikuja likizo na kichupa kimoja, tochi, na sanduku la viatu nililolipaka masizi ndani. Asubuhi moja niliwaonyesha wadogo zangu. Katika maji ya chumvi mwanga ulipita bila kuonekana. Nilipokoroga humo ute wa yai, maji yalibaki maangavu vilevile, lakini tochi ilipowaka mstari wa mwanga ulisimama ndani kama moshi. Wakakimbia kuwaambia majirani kwamba dada ana sanduku linaloona sumu. Niliwacheka tu, sikuwasahihisha.

Mchana huohuo watoto wawili wa Semeni walikufa wakitapika. Watu wakasema ni maji ya chemchemi, na chemchemi iko chini ya nyumba ya baba yako. Unajua alivyogoma kuhamia kijijini, na alivyowatania waliokuwa wanashuka na mizigo: nendeni tu, mtakunywa nitakachobakiza. Siku ile walicheka. Sasa kila mmoja aliyakumbuka maneno hayo.

Mwenyekiti Dominiko aliniita ofisini na sanduku langu. Madirisha yalifungwa. Walikuwamo watu kama arobaini, na mimi unanijua, hata kusoma somo kanisani nilikuwa natetemeka. Wakajaza kichupa maji ya chemchemi. Nikawasha tochi, na mstari ukaonekana.

Mwenyekiti akaniambia, "Wewe umesoma, Anastasia. Kuna kitu au hakuna?"

Nikasema, "Kuna."

Hakuna aliyesubiri nieleze kwamba mwanga hausemi kitu hicho kinaitwaje.

Walimkuta baba yako katika shamba lake la maharage. Mume wa Semeni alimpiga gotini kwa mpini wa jembe, na mlio wa mfupa ule niliusikia nikiwa njiani. Leonard, ambaye baba yako alimsimamia ndoa, alimkanyaga usoni kwa buti. Wakamshika kichwa, wakamnywesha maji ya chemchemi ndoo nzima, na alipotapika maji na damu wakapiga kelele kwamba sumu yenyewe hiyo inatoka. Semeni alimpiga mawe huku analia majina ya wanawe. Kisha wakachoma nyumba. Mbuzi walikuwa ndani. Kama padri asingepita na gari lake, leo ningekuandikia habari za mazishi. Jicho la kushoto halikupona.

Siku ya tatu alifika bwana afya. Akasema watoto wale waliuawa na mihogo michungu ambayo haikuanikwa vya kutosha. Watu walimsikiliza, wakarudi mashambani. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza kuhusu ule mstari.

Felista, kichupa kile ni kilekile cha asubuhi. Nilikisuuza mara moja tu. Tulichokiona ofisini kilikuwa ute wa yai. Na sikuligundua jambo hili baadaye. Nililijua palepale, tochi ikiwa bado mkononi, watu wanasukumana mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kupaza sauti. Niliona haya kwamba watu wote wangenitazama, nikanyamaza. Nimenyamaza hadi leo.

Nimekiosha mara saba na kupima upya maji ya chemchemi. Mwanga unapita, ndani hakuonekani kitu.

Jumapili nilikwenda hospitali kumwona baba yako. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishukuru kwa kumtembelea. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Akaniuliza kama maji yake bado yana kitu. Nikasema hayana.

Akasema, "Waambie wao. Mimi najua."

Kesho kuna mkutano wa kijiji. Nitapeleka sanduku na kichupa, nitasimama mbele yao, mbele ya Leonard na mume wa Semeni, na nitasema. Nimekuandikia leo ili nisiweze kurudi nyuma. Tafadhali usinisamehe kabla hujasikia kwamba nimesema.

Wasalimie wenzako wote wa bwenini. Mungu akulinde katika mitihani.

Ni mimi niliyekaa nawe dawati moja,
Anastasia