Sauti ya Mama Mwisho wa Kanda

Ijumaa, 26 Oktoba 1990
Haya Bubu wangu, daftari lisilosema, sikiliza! Leo kwenye hotuba ya Ijumaa sheikh kalipuka kwa hasira. Kasema mlinzi wa nchi hii, Saudia, ni Mungu, si askari wa Marekani, na aliyewaita atamjibu Mola. Mzee wa mbele yangu alilia. Mimi nilikuwa na redio ndogo chini ya kanzu — inarekodi! Kanda niliinyakua nyumbani juu ya kabati, mbio mbio. Mji wote wa Khobar utasikia.

Jumamosi, 27 Oktoba
Nakala sitini za hotuba! Bosi Muaidh kalala mchana, duka la redio likawa langu. Deki mbili, spidi kubwa — sauti inakuwa kama ya vifaranga, nani atasikiliza wakati wa kunakili? Rafiki yangu Fawwaz kazigawa misikitini. Kaniambia mimi ni jeshi la mtu mmoja. Kichwa kikanivimba. Ndege za Wamarekani zikapita juu, vioo vikalia.

Jumatatu, 29 Oktoba
Sheikh kachukuliwa. Baada ya alfajiri, watu wanne, bila kelele. Muaidh kasema atakayekutwa na kanda hiyo ameumia, na aliyeitengeneza — usiulize. Alikuwa ananiangalia mimi? Chai ilinimwagikia.
Jioni Mama kauliza, "Mwanangu, kanda yangu ya mjomba wako iko wapi?" Mjomba Dhafir ni askari, yuko mpakani na Kuwait, kambi moja na Wamarekani hao hao. Mama hajui kuandika. Anaongea kwenye kanda, dereva anayekwenda kaskazini anaibeba.
Aliiweka juu ya kabati.
Juu ya kabati, Bubu!

Jumanne, 30 Oktoba
Garini mwa Fawwaz, tunasikiliza nakala moja. Hotuba ikaisha. Haikuijaza kanda. Halafu Mama! Anamuuliza Dhafir kama anakula, kama viatu vinambana. Fawwaz kazima, kageuza uso.
"We! Huyo si Mama Mishari, mama yako?"
"Washa."
"Nimsikilize mama yako mimi? Sina adabu?" Kashuka.
Nimemaliza peke yangu. Mwisho kabisa, kama kawaida yake, anaongea na mbebaji: "Na wewe dereva, Mungu akulipe. Jibu niletee mimi, Mama Mishari, mlango wa kijani nyuma ya tanuri la mkate. Usiponikuta, mwanangu yuko duka la redio la Muaidh."
Jina. Mlango. Duka. Mara sitini.

Alhamisi, 1 Novemba
Tumerudisha arobaini na moja. Kijana mmoja kanicheka, eti sheikh siku hizi anahutubu na mkewe. Ningempiga, lakini kanda ilikuwa mkononi mwake. Mzee mmoja kagoma kabisa: "Huyo mama ana dua nzuri. Nimemwitikia amin mara tatu."
Bado kumi na tisa. Mama hajui kitu. Mlango ukigongwa, namtangulia.

Jumamosi, 3 Novemba
Dukani. Naandika mbio mbio.
Saa nane kaja mtu, gari jeupe, viatu vinang'aa. Sijawahi kumwona. Kasema redio ya gari inakula kanda. Nikasema ilete niifungue. Akaweka kanda mezani — yangu, lebo kwa mwandiko wangu!
"Redio haina haraka, kijana. Sikiliza hii kwanza. Mpaka mwisho. Mimi nimefika mwisho."
"Wewe ni nani, ami?"
"Msalimie mama. Nitarudi baada ya alasiri."
Hakutabasamu, hakukasirika. Ni mmoja wa wale wanne waliomchukua sheikh? Au ni jirani mwema ananionya? Sijui!
Fawwaz yuko uani, injini inanguruma. Anapiga honi, ananiita punda: panda, twende shambani kwa babu, kule mji wa Hasa, hakuna atakayekuona! Lakini nikiondoka wataufuata mlango wa kijani. Mama yuko peke yake, anakanda unga. Asubuhi kaniomba kanda mpya, amrekodie Dhafir upya.
Swala ya alasiri imekwisha. Watu wanatoka msikitini. Gari jeupe linakata kona.
Bubu, ingekuwa wewe, ungepanda au ungekaa?