Ngumi Isizame

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Nyamira tu wazima, ila babu yako bado anakataa fimbo. Unauliza umnunulie mwanao godoro gani, kwa kuwa sasa anaruka kingo za kitanda chake.

Baba yako alipofika miaka miwili, nilikuwa na mimba ya shangazi yako. Kwa desturi angehamia kwa nyanya yake, alale naye kwenye gunia lililojazwa majani makavu ya migomba. Mimi nikajifanya wa kisasa, nikanunua godoro la sponji mjini Kisii, nene na laini. Mama mkwe alilikandamiza kwa ngumi, ngumi ikazama.

"Humu mtoto atageukaje?" akauliza. Nikalitandika hivyo hivyo, kwa kiburi.

Siku tatu mtoto alilia. Ya nne nikamkuta kwa nyanya yake, amelala fofofo juu ya gunia, ameshika leso ya mama mkwe. Basi nikanunua godoro gumu, nikalitandika huko huko, kando ya gunia. Lile laini nilililalia mimi hadi likaisha.

Chagua gumu, mama. Na akikataa kulilalia, mlete nalo. Kando yangu pana nafasi.

Nyanya yako