Mtoto wa Mfua Vyuma wa Milanzi

Mdogo wangu Deo,

Jumamosi tumecheza. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kunisalimia. Mchezo wako umechezwa kwenye meza yangu ya kushonea sare za shule, na msimulizi nilikuwa mimi.

Tangu tukuzike sikuwa nimelifungua lile boksi lako la kadi za mchezo. Unakumbuka ulivyokata kadi kwenye maboksi ya sabuni kwa mkasi wangu wa vitambaa, nikakununia siku mbili? Kila kadi na mtu wake: mfua vyuma wa Milanzi, mama muuza chumvi wa bonde la Rukwa, mvuvi wa Kabwe. Mchezaji anachukua kadi, anasema na kutenda kama mtu huyo, na dadu inaamua kama atafanikiwa. Mimi siku zote nilitaka kutunga mtu wangu mwenyewe. Ukakataa.

"Dada, utatunga mtu mwenye nguvu zote ambaye hana hata shangazi."

Nami nikakujibu kwamba kushika mtu wako ni kuvaa gauni lililopimwa kwa mwingine. Tulibishana hivyo mpaka ukiwa kitandani, sauti imekwisha, unanikatalia kwa kidole.

Basi walikuja Merina na Kulwa, wenzako wawili wa mchezo waliobaki. Nilijua wasipopenda siku hiyo, boksi ndio nimelifunga moja kwa moja. Kadi hawakutaka hata kuzigusa.

"Nimezoea kuziona mkononi mwa Deo," Kulwa akasema. "Niache nitunge wangu."

Nikakubali. Nisamehe, nilifurahi kidogo. Merina akatunga mwindaji anayeongea na ndege. Kulwa, unamjua, kuchomelea mageti kutwa nzima kumemwingia kichwani: mtu wake ana ngozi ya chuma, hana baba wala mama, ametoka kwenye radi.

Safari ya mchezoni ikaanza kuelekea Kasanga. Mvua ikawakamata njiani, wakabisha hodi kwa mzee mmoja, na mzee huyo ni mimi. Wakachuchumaa, wakapiga makofi taratibu kama inavyotakiwa kumsalimu mzee. Nikawauliza kile ambacho mzee yeyote wa huku angeuliza.

"Ninyi ni watoto wa nani?"

Merina akamtazama Kulwa.

"Mimi ni wa radi," Kulwa akasema.

"Radi ya ukoo gani?"

Merina alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Lakini kwenye daftari lako la kanuni umeandika wazi kwamba asiyejulikana kwao halali ndani. Nikawafungia mlango. Wakarusha dadu kuuvunja, wakashindwa, wakarusha tena, wakashindwa tena. Kulwa akasimama, akachukua kofia.

"Dada, huu mchezo ulikuwa wa Deo. Tumwachie mwenyewe."

Deo, nilishashika kifuniko cha boksi. Merina ndiye aliyeingiza mkono kwenye boksi akatoa kadi ya mfua vyuma, akamsukumia. "Wewe kaa hapo. Chukua baba."

Kulwa akaisoma akiwa amesimama. Akasoma kwa sauti kwamba mfua vyuma hunywa uji wa ulezi bila sukari na mguu wa kushoto humsumbua wakati wa mvua. Akakaa.

"Radi ilipiga tanuru lake," akasema polepole. "Ndimo nilimotokea. Akanilea."

Nikafungua mlango haraka, sauti ya uzee ikanitoka kabisa. "Kumbe wewe ni wa kwake! Mguu wake unaendeleaje?"

"Bado, mzee. Mvua hizi hazimwachi."

Hapo hapo Merina akajichagulia mama, muuza chumvi, na wakaanza kuteta nani kalelewa vizuri zaidi. Tumecheza mpaka chai ikapoa bila kunywewa. Natamani ungewasikia, nimeshindwa kushona tangu siku hiyo kwa kuwakumbuka.

Nimeongeza kanuni moja kwenye daftari lako, kwa penseli ili usikasirike: mchezaji atunge mtu amtakaye, ila mzazi amchukue kwenye boksi lako. Hukukosea, nami sikukosea, na imebidi uondoke ndipo tupatane. Hilo linaniuma.

Wewe hukuacha mtoto. Leo mdogo wake Kulwa amepita hapa kuuliza kama mvuvi wa Kabwe bado ana nafasi ya mwana mmoja. Nimemwambia nafasi ipo.

Pumzika, Deo.

Dada yako