Jina Langu Limeshasajiliwa Vwawa

Alhamisi, Tunduma. Upepo umebeba vumbi la malori tangu asubuhi.

Naandika kwa aibu. Mimi ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo mpakani, na huwa nabeti. Mke wangu, Tumaini, hakuwa anajua. Miaka yote niliingia duka la kubeti, nikaweka mkeka wangu wa kubashiri mechi, nikaondoka bila kuulizwa jina. Sasa wanataka kitambulisho cha taifa. Huna, huchezi.

Juzi nilikitoa. Dada wa kaunta akaingiza namba, akaniangalia.

"Kaka, wewe umeshasajiliwa. Vwawa."

Sijawahi kubeti Vwawa.

Nikamshuku Tumaini. Kopi za kitambulisho changu anazo, na kaka yake anakaa Vwawa. Nilipofika nyumbani nikapekua mkoba wake. Akanikuta.

"Baba Furaha, unatafuta nini humo?"

Nikasema kalamu. Tangu hapo ananiangalia kama mgeni.

Leo nikarudi dukani, nikambembeleza yule dada anionyeshe namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina langu. Akageuza skrini.

Ni ya baba.

Baba yangu, mzee wa kanisa kule Isansa, si mbali na Vwawa, aliyewahi kunifukuza nyumbani wiki nzima kwa kunikuta na mkeka mfukoni. Nikakumbuka: kabla ya msimu wa kupanda mahindi nilimwachia kopi ya kitambulisho, ya fomu za mbolea ya ruzuku. Huko Vwawa waliikubalije, sijui. Labda kwa kuwa tunafanana.

Nikampigia. Hakukana.

"Mwanangu, sijui hayo majina yanasomwa na nani. La kwangu likifika kanisani, nitasimamaje mbele za watu?"

"Na langu je, baba?"

"La kwako nani angeshangaa?"

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi, simu mkononi, nisijue nikasirike au nicheke.

Jioni nimemweleza Tumaini yote, pamoja na kubeti kwangu. Ya baba hakuyashangaa sana. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini nilianza kumshuku yeye.



Jumamosi napanda Isansa. Sitaki kumgombeza. Nataka tukae wawili, aniambie ameanza lini, nami nimwambie sijawahi kuacha. Ila nitaanzaje, na mama atakuwa amekaa palepale?