Madamu Hajaambiwa

Maskati, 11 Februari 2024

Shemeji Kipng'etich,

Salamu nyingi kama mbu wa Nyakach. Habari ya watoto, habari ya kifua chako? Bado unakohoa kama trekta la chama? Mimi ni mzima, nimenona, kola za shati zimeanza kunikataa.

Huku nimekuwa mtu mkubwa, bana. Uliza huku Seeb "Omondi wa ng'ombe," hata muuza mkate atakuonyesha njia. Ng'ombe wenyewe wametoka Ayalandi kwa meli, weusi kwa weupe, wakubwa kama mabasi. Wanalala chini ya feni na kunyunyiziwa maji mchana kutwa. Mimi feni yangu iliharibika Disemba. Kuna siku nimetamani kuwa ng'ombe.

Aliyekuja nao ni mfugaji wa huko huko, mzee Fintan, uso mwekundu kama nyanya. Yeye na ndugu zake wanatumiana sauti kwa simu tangu asubuhi. Nilidhani mzungu akiongea ng'ombe anaongea sayansi tupu. Wapi! Ni soko la Sondu kabisa: mvua imezidi, fahali la kaka mtu limeruka ua tena, nyonga ya mama inauma, binti wa jirani anaolewa na kijana asiye na hata kuku. Nimemwambia Fintan nyinyi ni Wakipsigis, watu wa shemeji yangu, mliooshwa na jiki. Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo.

Na ng'ombe wetu Madamu anaendeleaje? Ameshazaa? Mwambie Carol mama yake anamsalimu sana, anakula tende.

Najua umenuna hapo. Mwache mtoto, shemeji. Mlimzika dada yako Chelangat mimi nikitazama kwa simu, nimeegemea marobota ya majani makavu. Nyinyi mlimwambia Carol mama amesafiri. Mtoto wa miaka mitano akaniuliza, "Amekuja kwako?" Ningesema nini? Mimi nilimalizia safari tu.

Shemeji yako,
Omondi

*

Sondu, 2 Machi 2024

Shemeji Omondi,

Salamu. Sisi wazima, kifua kimetulia. Mvua bado.

Madamu amezaa ndama jike, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Hiyo ndiyo habari njema, nyingine sina.

Anabana maziwa. Kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, lakini ukikama unapata kikombe. Hata ndama akinyonya haachii ya kutosha. Mke wangu amejaribu, mimi nimejaribu, jirani amejaribu akapigwa teke. Unajua alizoea kukamwa na Chelangat peke yake, huku akimwimbia ule mluzi-si-mluzi wake usio na maneno.

Tena jioni anaondoka. Nafunga lango kwa kamba, anaifungua kwa pembe. Anavuka daraja, anakwenda mpaka nyumbani kwako upande wa pili wa mto, nyumba iliyofungwa, anasimama mbele ya jiko la Chelangat na kulia. Watu wa huko wameanza kupita njia ya mbali. Wanasema ng'ombe hawezi kumwita mtu asiyemwona.

Wewe una ile sauti ambayo dada yangu alikurekodia akikama. Nitumie nimchezee Madamu, ndama apate kunyonya.

Na kuhusu tende sisemi kitu.

Shemeji,
Kipng'etich

*

Maskati, 10 Machi 2024

Shemeji wangu wa nguvu,

Hamjambo nyote? Ndama apewe jina la heshima. Mimi napendekeza Bi Omani.

Hiyo ya Madamu ni deko tu. Mpe chumvi, mpake mafuta kwenye chuchu, mwimbie mwenyewe. Ingawa kwa sauti yako hiyo atahama wilaya.

Ile sauti ninayo. Nilikuwa sijaifungua tangu msiba. Juzi kuna mtamba hapa, ng'ombe wa uzao wa kwanza, amefungwa mashine ya kukamia, maziwa hayashuki. Fintan ameshika kichwa. Sijui ni shetani gani, nikaifungua. Chelangat akaanza. Mwisho wake unaujua, anasema, "Baba Carol, umesikia? Ndoo imejaa."

Shemeji, yule ng'ombe wa Ayalandi aliachia maziwa kama bomba lililopasuka.

Mimi nikaenda nyuma ya banda kuangalia matairi ya gari la majani. Matairi yalikuwa mazima. Niliyaangalia sana.

Sasa kila alfajiri nawachezea. Wanakuja wenyewe kabla sijatoa simu mfukoni, wanapanga mstari, masikio mbele. Bi Ghaliya, mama wa tajiri wetu, aliyezaliwa Unguja, amenisimamisha leo: "Omondi, mwanangu, huyo mwanamke unayemleta bandani ana sauti nzuri. Lakini mlete mchana, nami nnataka kumwona." Nikacheka, nikamwambia ni redio.

Kukutumia, hapana. Carol akiisikia? Acha kwanza.

Shemeji yako,
Omondi, Daktari Msaidizi wa Ng'ombe

*

Sondu, 19 Machi 2024

Omondi,

Salamu. Ndama hasimami bila kushikwa. Tunamnywesha maziwa ya dukani. Mbuzi tulimwomba kwa jirani, hakutosha.

Huko unawaimbia ng'ombe wa watu kwa sauti ya dada yangu, na ng'ombe wake mwenyewe unamnyima. Fikiria maneno hayo ukiwa umekaa.

Nitaicheza Carol akiwa shule.

K.

*

Maskati, 19 Machi 2024

Shemeji, pokea. Usiongeze sauti sana. Hapo mwisho anapocheka, mzime kabla hajacheka.

O.

*

Sondu, 27 Aprili 2024

Shemeji Omondi,

Salamu kutoka kwetu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka mambo yatulie kwanza. Hayakutulia.

Maziwa yalikuja siku ile ile. Madamu aliinua kichwa, akatazama kila kona ya zizi, akaachia. Ndama yuko hai, anaruka. Kwa hilo ahsante.

Lakini siku moja mwalimu alirudisha watoto mapema. Nilikuwa nimeinama nakama, nikasikia ndoo ya Carol ikianguka mlangoni. Hakulia. Alisema, "Kumbe mama amefika." Akatafuta nyuma ya ng'ombe, akatafuta kwenye hori, akatafuta nyuma yangu.

Nilimwambia ni simu. Akasema sawa, basi mama yuko Maskati anaimba, nasi tumpigie.

Tangu hapo, jioni anakaa na Madamu. Ng'ombe akivuka daraja, mtoto anamfuata. Wanasimama wawili mbele ya lile jiko. Nikienda kuwachukua namkuta Carol amejisogeza pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu kwenye mlango mdogo.

Jumamosi tulimkosa. Tulimpata stendi ya Sondu amevaa gauni la kanisani, nguo zake kwenye mfuko wa unga, anauliza makondakta gari la Maskati. Mmoja wa lori alishamwambia kwa utani, "Panda, mtoto." Lori lilikuwa limewasha injini, shemeji.

Siwezi kumfunga kwa kamba kama ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe hafungiki. Mke wangu alitaka kumwambia. Nikakataa. Wewe ndiye uliyempeleka mama yake Maskati. Wewe ndiye utakayemrudisha.

Shemeji,
Kipng'etich

*

Sondu, 20 Mei 2024

Omondi,

Upo? Ujumbe umeusoma, naona. Hata mzaha mmoja huna?

Jana ameenda stendi tena.

K.

*

Maskati, 24 Mei 2024

Shemeji Kipng'etich,

Salamu. Sijambo kwa mwili.

Nisamehe kimya. Nilikuwa naandika nafuta. Mimi, ambaye naweza kuongea na ukuta ukaniazima sigara.

Acha nikueleze yaliyotokea. Niliposoma habari za lori niliacha kucheza ile sauti. Maziwa hayakupungua. Nikasema vizuri, wamezoea. Ijumaa nilikwenda Darsait kwa Mkenya mmoja kunyolewa, simu mfukoni mwangu. Narudi, Bi Ghaliya yuko kibarazani na tasbihi. "Leo mkeo kaimba zaidi kuliko siku zote," akasema. "Nilikaa hapa nnamsikiliza mpaka kahawa ikapoa."

Nikamwambia, "Bibi, mimi nilikuwa Darsait, na simu nilikuwa nayo."

"Nnajua ulikuwa Darsait. Sikusema wewe, nimesema mkeo."

Niliingia bandani. Ng'ombe wote wamelala isipokuwa yule mtamba. Amesimama ametazama mlango, masikio mbele. Anatiririkwa na maziwa bila mtu wala mashine. Mimi mwoga, unanijua. Lakini sikukimbia. Nilisema, "Chelangat, mimi hapa." Mtamba akageuza kichwa polepole kutoka mlangoni mpaka kando yangu, kama anamfuata mtu kwa macho.

Asubuhi nilimweleza Fintan nikijua atanicheka. Hakucheka. Akaniuliza, "Nani alimwambia ng'ombe?"

"Alimwambia nini?"

"Kwamba mama mwenye nyumba amekufa." Kumbe bibi yake mzaa baba alipokufa, mama yake alivaa viatu vya matope, akaingia zizini, akawaambia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Akasema usipowaambia wataendelea kumngoja. "Na anayengojwa," akasema, "ataondokaje?"

Shemeji, mmoja anangoja kwenye jiko, mwingine anangoja stendi. Na mwenye kungojwa nimemfunga mimi huku, kati ya Seeb na Darsait, na tende zangu.

Nilitaka kumpigia. Nikifungua mdomo nitatia mzaha, najijua. Kwa hiyo nimeandika. Msomee Carol haya hapa chini, mchana, mkiwa nje. Usiruke neno.

*Carol Akinyi, mwanangu,*

*Baba anakusalimu. Mama hayuko Maskati. Hajawahi kufika. Hakula tende. Baba alisema hivyo kwa sababu baba aliogopa kusema lile neno.*

*Mama alikufa. Ile siku watu walikuwa wengi nyumbani, na shangazi akakupeleka kwa jirani kucheza, ndiyo siku waliyomzika. Yuko nyumbani kwetu, karibu na tangi la maji, pale penye udongo ulioinuka. Hasikii baridi, hasikii njaa. Hakuna gari linaloweza kukupeleka kwake, wala ndege. Usiende tena stendi.*

*Ile sauti kwenye simu ni ya zamani. Ni kama alama ya mguu kwenye matope. Mguu ulipita kweli, ulikuwa wa mama kweli, lakini mwenye mguu ameshapita.*

*Sasa baba anakutuma kazi, kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba. Madamu hajaambiwa. Anadhani mama anachelewa tu. Nenda ukamwambie. Shika lile sikio lake lililochanika, ndilo mama alilokuwa akilikuna, umwambie polepole. Ukilia si kosa. Hata yeye atalia.*

*Baba yako*

Niandikie majibu yake vile vile atakavyosema.

Omondi

*

Sondu, 9 Juni 2024

Shemeji Omondi,

Salamu. Mvua imekuja, nyasi zinafika kiunoni.

Nilimsomea Jumapili ya tarehe mbili, pale kwenye jiwe la kunolea mapanga. Nilisoma yote. Alisikiliza akichora chini kwa kijiti. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo tende alikula nani?"

Nikasema hakuna aliyekula.

Akafikiri. Halafu akalia, Omondi. Kilio ambacho hatukukisikia siku ya mazishi, kilikuwa kimekaa ndani muda wote huo kinamsubiri. Mke wangu alitaka kuja kumbeba, nikamzuia kwa mkono.

Alipomaliza alinawa uso kwenye mtungi wa ndama, akaingia zizini. Mimi nilibaki nyuma ya ua. Alilishika lile sikio. Alisema hivi, naandika kama nilivyosikia:

"Madamu, mama alikufa. Hajachelewa. Mimi pia sikujua, usione haya. Usiende darajani, kule jikoni hakuna mtu. Mama, kama uko hapo, nenda tu. Sisi tutakamana wenyewe."

Hayo ya kumwambia mama aende hukumtuma, wala mimi.

Siku hiyo Madamu hakutoa tone. Alisimama, kichwa chini, pua kwenye gauni la mtoto. Jioni niliacha lango wazi makusudi. Alikwenda mpaka langoni, akatazama upande wa daraja, akarudi akalala. Hajavuka tena hadi leo.

Carol sasa anamwimbia mwenyewe. Katikati anakosea, anarudia mwanzo, ng'ombe anamvumilia. Maziwa ni nusu ndoo. Yatatosha.

Ile sauti nimeifuta kwenye simu yangu. Ya kwako ni ya kwako.

Ulimsomea Bi Ghaliya barua yako? Ningependa kujua kwenu huko kukoje.

Shemeji yako,
Kipng'etich

*

Maskati, 16 Juni 2024

Shemeji wangu,

Salamu kwenu nyote, na kwa Carol salamu zilizo tupu, bila sukari juu yake.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ndoo. Fintan aliniuliza kuna nini, nikamtafsiria. Alitoa kofia, halafu akawatumia ndugu zake sauti. Kwa hiyo huko Ayalandi, katikati ya habari za mvua na nyonga ya mama, kuna wafugaji wanamjua Madamu wa Sondu. Mmoja amejibu kwamba ng'ombe mwenye sikio lililochanika asiuzwe kamwe. Nikamwambia auze wa kwake kwanza.

Bi Ghaliya sikumsomea kitu. Nimemwomba ruhusa tu ya kuja nyumbani Agosti. Alikubali, akasema mwanawe ataandika karatasi.

Ila nilitazama tarehe. Ile siku mtoto alipoingia zizini, nilikuwa hapa nafagia. Alasiri ile ng'ombe wote walilala, hata yule mtamba. Banda lilinyamaza mpaka nikasikia feni, feni ambazo zimekuwa zikizunguka mwaka mzima na sikuwahi kuzisikia.

Bi Ghaliya akatoka kibarazani na fimbo yake, akasimama, akatega sikio.

"Omondi. Mwanamke wako kaenda wapi? Mbona leo haimbi?"

Nilikuwa na majibu kumi ya mzaha, unanijua. Nikavua kofia.

"Ameaga, Bibi," nikamwambia. "Amerudi kwao."

Shemeji yako,
Omondi